Nilitaka kumrudisha darasa mtoto wa chekechea kwa kosa la kuhesabu watu

"Na weye, Metresi, ni nani anakuhesabuaka?"

Wakuu, salamu kutoka Goma. Swali hilo niliulizwa na mtoto wa miaka mitano, mimi nikiwa mwaka wa mwisho chuo kikuu. Metresi ndivyo watoto wa huku wanavyomwita mwalimu wa kike. Nasimulia kama ilivyokuwa. Nikitia uongo, lava inajua nilipopanga.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa kuuliza. Katekisimu kule Masisi nilifukuzwa kwa kutaka kujua Nuhu aliwalisha simba nini siku zote zile. Chuoni, nikiinua mkono, maprofesa walikuwa wanaangalia saa.

Nilisomea ualimu wa watoto wadogo. Chuo chetu kina chekechea yake ndani ya uwanja, wanaiita ya maabara. Watoto wanasoma kweli, na sisi wanafunzi tunawachungulia kutoka chumba cha pili kupitia kioo cheusi, wao wasituone.

Wasituone kwa nadharia. Kila asubuhi walikuja kubandika pua kwenye kioo na kutusalimia mmoja mmoja.

Kila mwanafunzi alipewa mtoto mmoja wa kufuatilia. Mimi nilipewa Zaituni wa Majengo, binti mpole wa familia ya wafanyabiashara wenye asili ya Maniema. Mwisho wa mwaka unajaza karatasi yenye visanduku, Prof anasaini, na karatasi hiyo ndiyo inaamua: mtoto apande la kwanza au arudie.

Shida ni kwamba Zaituni hakuwa anacheza.

Wenzake wakijenga, wakipika, yeye anazunguka akigusa vichwa. Moja, mbili, tatu... Akimaliza, anaanza upya.

Siku ya zamu yangu ya kuingia darasani, Prof alipokuja kunikagua, nilikuwa nimetengeneza kona ya mgahawa, kama kitabu kilivyoelekeza. Meza, sahani, hadi orodha ya vyakula niliichora mwenyewe.

Mgahawa uliishi dakika tatu. Mtoto mmoja akapiga kelele, "Volkano inakuya!" na wateja wote wakasimama.

Wakuu, sijawahi kuona watu wanafungasha vile.

"Beba matela ya kulalia!"

"Acha sahani, beba bidoni ya maji!"

"Na televizio?"

"Televizio ya nini? Kule tunakimbilia Sake kuko umeme?"

Bibi kizee wa mchezo, mtoto wa miaka minne mwenye kitenge kichwani, akagoma katikati ya njia: "Miye sitoke bila mbuzi yangu!" Ikabidi mtu ajitolee kuwa mbuzi.

Prof anaandika. Mimi natoka jasho. Na katikati ya msafara, Zaituni anagusa vichwa.

Nikainama. "Zaituni, mbona unahesabu tu?"

"Juu tutimie, asibakie mutu." Kisha akaniangalia, akaniuliza lile swali.

Nilikuwa naishi peke yangu, chumba kimoja mtaa wa Katoyi. Nikamwambia, "Mimi ni mtu mzima."

"Hiyo haiko jibu, Metresi."

Hiyo ilikuwa sentensi yangu! Ndiyo niliyowachosha nayo maprofesa miaka yote.

Prof akamnyooshea Zaituni kalamu, akaniambia: "Mademoiselle, huyu hashiriki mchezo. Kisanduku cha saba."

Na mimi niliyembana Nuhu kwa maswali nikatia tiki bila neno. Chini nikaandika: arudie mwaka. Ilibaki saini tu.

Kabla ya saini, mlima ukatapika kweli. Siku chache baadaye, asubuhi, likatoka tangazo kwamba mitaa mingi ihame. Barabara ya Sake ikajaa watu, magodoro na mbuzi wa kweli.

Mimi, mtaalamu, nilibeba pasi ya umeme. Nguo za kupiga pasi niliziacha Katoyi.

Sake, kwenye uwanja wa shule, nikaikuta familia ya Zaituni imekaa juu ya mafurushi. Mama yake akanipa chai. Muzee, babu yake, alikuwa amekalia godoro kama kiti cha mfalme.

Zaituni akaanza kazi. Muzee hakungoja kuguswa. Aliinua fimbo kutoka mbali: "Niko! Niko hapa! Umeniona?" Na hakutulia mpaka akaguswa mara mbili.

"Kumi na moja," Zaituni akasema.

Mama yake akasimama. "Kumi na ngapi? Kwetu tulitoka kumi!"

"Kumi na moja, Mama."

"Papa Zaituni! Tumebeba mutoto wa batu!"

Ikawa vurugu. Blanketi zikafunuliwa. Baba akachungulia hadi ndani ya gunia la unga. Mama akawa anawapigia majirani kelele, "Nani amepoteza mutoto?"

Zaituni akaja polepole, akaniwekea kidole kichwani.

"Ni huyu. Yeye hana mutu wa kumuhesabu."

Muzee akanitazama, akaitazama na pasi yangu. "Akae. Lakini hiyo pasi isihesabiwe."

Nilihesabiwa asubuhi na jioni mpaka tuliporudi mjini. Siku ya tatu nilijikuta nakimbia kutoka kisimani ili nisikose.

Tuliporudi nikafuta tiki. Kwenye kisanduku cha saba nikaandika: alikuwa kazini.

"Mademoiselle," Prof akasema, "hii ndiyo lugha ya sayansi?"

"Prof, kule ulikokimbilia, ni nani alikuwa anakuhesabu?"

Akaangalia saa. Akasaini. Zaituni akapanda la kwanza.

Nilichojifunza ni kwamba nilitilia shaka kila mtu mwenye mdomo, lakini karatasi iliyochapwa niliiamini bila hata swali moja. Sasa nafundisha, na kabla sijaandika kuwa mtoto hawezi, nauliza kwanza kwao anafanya kazi gani.

Walimu wenzangu mlioko humu, tajeni tiki mliyowahi kuiweka mahali pabaya. Na wengine: kwenu nani anawahesabu?

Halafu nusura nisahau. Miaka mitatu baadaye nilimkuta Mama Zaituni sokoni akiuza vitenge, nikamuuliza ile kazi ya kuhesabu ilianzaje. Alicheka mpaka akakaa chini: ni muzee ndiye aliyeidai. Zamani, Zaituni hajazaliwa, waasi walipoingia mjini, familia yote ilikimbia kwa miguu hadi ng'ambo ya mpaka, Gisenyi, kila mmoja akidhani muzee yuko na mwenzake.

Muzee alikuwa chooni.