Kidonda Kisichouma

Kidonda kilikuwa kwenye kidole gumba changu, cheusi katikati kama mkaa, na mkono ulikuwa umevimba hadi kiwiko. Nilikuwa nimekinyunyizia unga wa vidonge vya rangi mbili kutoka duka jipya la dawa pale Dutwa, bila nafuu. Tabibu wa zahanati alikibonyeza, akauliza kama kinauma. Nikasema hapana, tena kwa kujivuna. Akakibonyeza tena, safari hii akinitazama usoni.

"Umechuna ng'ombe hivi karibuni?"

"Tulichinja," akadakia baba, aliyenisindikiza.

"Mzee, mlimchinja akiwa mzima?"

Tulikuwa tumeficha ukweli, tukihofia bwana mifugo atatuamuru tuifukie nyama yote. Nilimkasirikia baba, ila nilijikasirikia zaidi mwenyewe, maana kisu nilikishika mimi. Nikasema kweli: tulimkuta amekufa zizini, damu nyeusi ikimtoka puani.

"Hiki ni kimeta, kimetoka kwa huyo ng'ombe," tabibu alisema, akivuta penisilini kwenye sindano. "Kisipouma ndipo kinatisha. Wote waliokula waje leo. Na ngozi iko wapi?"

Baba akanitazama. Ngozi tulimuuzia mmoja wa wale wanunuzi binafsi walioanza kuzunguka vijijini na baiskeli mwaka ule. Hatukumjua jina wala anakotoka. Nilichokumbuka ni kwamba baiskeli yake ilikuwa imejaa, kwa hiyo ngozi yetu, mbichi bado, aliitupia begani, ikamgusa shingo, akaondoka akipiga mluzi.