Masikio ya Maalim Gabow

Maalim Gabow alikuwa na masikio ya ajabu, na alijua anayo. Katika madrasa yake ya mabati mjini Garissa, watoto walisoma kwa sauti wote kwa pamoja, kila mmoja na ubao wake, kila mmoja na sura yake, makelele utadhani soko la mbuzi. Yeye angekaa macho kayafumba, kisha ghafla anyooshe fimbo kwa mtoto wa pembeni: "Wewe! Umeruka herufi. Rudi." Wazazi walimsifu, naye sifa hizo hakuzikataa hata kidogo.

Maradhi yalimjia kwa homa na kichwa kilichogonga vibaya. Alfajiri, akirukuu, shingo ikakataa kuinama. Mwanga wa mlangoni ukamchoma macho, akatapika. Ndugu zake wakakubaliana kuwa ni malaria yenye ubishi, wakamwita mzee wa kuchoma, naye akapasha chuma motoni na kumchoma kisogoni na nyuma ya masikio. Laiti wangemkimbiza hospitali siku ileile! Lakini walimpenda, na hakuna hata mmoja wao asiye na kovu la chuma analoamini lilimponya. Ni pale alipoanza kuropoka, akimwita mkewe Hawo kwa jina la marehemu mama yake, ndipo wakatafuta gari.

Hospitalini, Daktari Koome, kijana wa Meru aliyeletwa huku kikazi, alisema anashuku homa ya uti wa mgongo, na akataka kutoa maji mgongoni kwa sindano. Ndugu wakaja juu: sindano hiyo hulemaza mtu!

"Kwani sasa anatembea?" Hawo akawafokea, kisha akamgeukia daktari kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kisomali. "Biga sindano, daktari. Mimi ndiye bibi yake."

Maji yalitoka meupe kama yaliyooshewa mchele. Dawa zikamrudisha Gabow kutoka mahali ambapo wengi hawarudi. Alipofumbua macho alimwona Koome akichezesha midomo kimyakimya, akadhani anataniwa. "Sema kwa sauti," akamwambia. Hapo Hawo akaangua kilio, na kilio chenyewe pia hakikuwa na sauti.

Sasa afanyeje? Kazi nyingine hakuijua. Akamwapisha Hawo asimwambie mtu, hata watoto wao, akarudi madrasani akipepesuka na kushikilia kuta. Qurani yote ilikuwa kifuani mwake, kwa hiyo akaanza kumweka mtoto mmojammoja mbele yake na kuifuata midomo. Waliobaki nyuma aliwaona vinywa vikifunguka na kufumbika, akawatikisia kichwa kama zamani.

Makosa katika maneno ya Mwenyezi Mungu yalikuwa yakipita mbele yake, na siku moja angeulizwa. Akikiri, wazazi watawaondoa watoto. Akinyamaza, dhambi inamwandama. Alikaa baina ya hayo mawili kama mtu aliyefungiwa kisimani, akitabasamu. Wavulana wa nyuma walikuwa wakicheka sana siku hizo, naye akasema moyoni kwamba watundu hawakosekani duniani.

Ikafika zamu ya binti yake, Sado. Alikuja na ubao wake, macho mekundu, akaketi mbele ya baba yake. Midomo ikaanza kwenda. Gabow akamfuata aya kwa aya, wala hakuona kosa.

"Masha Allah," akasema. "Endelea."

Sado hakuendelea. Aliushika mkono wa baba yake, akauweka kooni pake, akaanza sura ileile upya. Midomo ilikwenda sawasawa. Koo halikutetemeka hata kidogo.

Gabow akahisi uso unamwaka kwa aibu. Nyuma, wavulana walikuwa wameacha kucheka na mbao zimewashukia magotini.

"Umejua tangu lini, Sado?" akauliza.

Sado akamjibu. Lilikuwa jibu refu, na machozi yalimtiririka akilitoa, na watoto wote mle ndani walilisikia isipokuwa yeye.