Ng'ombe wa Mwanamina Walivyoinusuru Mikorosho ya Dimani

Saa kumi na mbili asubuhi, kijijini Dimani, Mwanamina Bushiri anachovya fagio la chelewa kwenye debe la kinyesi cha ng'ombe kilichokorogwa na maji. Anaipaka miche ya mikorosho, jani kwa jani, kama anayepaka chokaa nyumba ya harusi!

"Ng'ombe ana maringo," anasema huku akicheka. "Hali kitu kinachonuka choo chake."

Ujanja huo aliupata kwa machungu. Mwaka 1992, wanunuzi binafsi wa korosho walipoanza kubisha hodi, alipanda miche sitini, akafungulia ng'ombe wake watatu asubuhi moja wiki ileile. Kufika adhuhuri, vimebaki vijiti.

"Nikalia, nikajicheka, nikapanda tena."

Majirani hawakumwacha. "Chui na mbuzi zizi moja!" walimtania. Huku kwetu kiangazi kikiingia, kila mtu hufyeka chini ya mikorosho, akachoma majani. Mwanamina hachomi ng'o. Ng'ombe wake, sasa wanane, wanakula majani hayo, wanaacha mbolea, na jua likikaza wanajilalia kivulini. Maziwa lita kumi na mbili kwa siku huuzwa Kibiti, shilingi mia mbili lita. Ndiyo karo na chakula cha wanawe wanne tangu afiwe na mumewe.

Lakini Juni mwaka huu wa 1996, kikao cha kijiji kilimwekea sharti: mkorosho mmoja tu ufe kwa meno ya ng'ombe, mifugo yote itoke Dimani.

"Ng'ombe wakiondoka, jiko langu limezimika," anasema. "Nilikuwa nahesabu miti kila nikitoka kuswali."

Basi Agosti, mikorosho imechanua, jirani yake Doto akachoma majani kama kawaida. Upepo ukageuka! Moto ukaramba mikorosho yake ishirini na miwili, ukaja mbio kwa Mwanamina. Watu wakakimbilia matawi mabichi, wanawake wanapiga yowe.

Weee! Moto ulipofika mpakani ukatafuta nyasi, ukakosa. Ardhi imenyolewa kama kichwa cha mtoto wa arobaini. Ukajikunja, ukatoa moshi, ukafa. Mikorosho ya Mwanamina mia na arobaini, hata ua moja halikubabuka, na mashamba kumi na moja yaliyo nyuma yake yakapona.

"Dada, kumbe hawa ni zimamoto!" akasema Doto, uso umejaa masizi.

"Zimamoto wanaokunya," akamjibu. Watu wakaangua kicheko, hata Doto mwenyewe, machozi yakimtoka.

Wiki iliyopita kikao kikakaa tena. Mwenyekiti Nasor, yuleyule aliyesoma sharti, akasimama, akakohoa kidogo. "Bi Mwanamina, sharti limefutwa. Sasa tuazime hao ng'ombe, waanze kwangu."

"Foleni, mwenyekiti! Kwanza Doto."

Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele.

Mpango wake ni kuwapitisha ng'ombe shamba kwa shamba kabla ya kiangazi kijacho, na ndama jike wa kwanza atakayezaliwa atampa Doto, aanze naye upya.

"Mwakani moto ukija Dimani," anasema, mkono kiunoni, "uje na chakula chake."