Manowari Yenye Tumbo Jeusi

Nakumbuka vizuri siku ile baba alipotuketisha uani, mimi na Mokua, akatuambia kwamba tezo lake, lile shoka dogo la kuchongea, litapata mrithi kabla mvua hazijakatika. Lakini ngoja kwanza, mwanangu, nisikurukie na hadithi kabla sijakueleza kwa nini nimekuita. Tangu juzi umenuna. Nilimpa Kemunto, mjukuu wa Mokua, tezo hilo hilo, na wewe mjukuu wangu wa damu ukaondoka bila kuaga. Hukusema neno, ila shingo yako ilisema. Kaa hapa. Ugonjwa ulio nao niliugua kabla yako, na sina hakika kama nimepona.

Wajua hapa Tabaka jiwe la sabuni ndilo shamba letu la pili. Wanaume huchonga, wanawake huosha na kupiga msasa, na vumbi hula macho ya wote. Macho ya baba yalikuwa yameanza kumtoroka, akawa anapima kazi kwa kiganja. Mokua alikuwa mtoto wa marehemu baba mkubwa. Kwa Kiswahili cha shuleni utamwita binamu. Kwetu ni ndugu, tulikula sahani moja na kulala kitanda kimoja. Na ndugu huyo alikuwa na mkono! Wageni wakiingia uani waliwapita viboko wangu wa mawe bila kuwatazama, wakaenda moja kwa moja kwa twiga wake. Nilimwonea wivu, mwanangu, na haukuwa wivu wa kupita njia. Nililala nao, nikaamka nao.

Basi akaja mzee mmoja Mjerumani, mwalimu mstaafu aliyependa manowari za zamani kuliko chakula. Alitaka tumchongee manowari ambayo haijawahi kuwepo. Akatueleza kwamba kabla ya vita vikuu vya kwanza Waingereza waliunda meli mpya ya vita, yenye mizinga mikubwa tu, na tangu ilipotiwa majini meli za wengine wote zikaonekana za jana. Wajerumani usingizi ukawaruka, nao wakaanza kuunda za kwao.

"Mimi nataka moja zaidi," alisema kwa Kiswahili chake cha kitabuni. "Moja ambayo mafundi wetu wa wakati ule wangeweza kuibuni, lakini hawakuibuni. Mtaibuni ninyi."

Akatuachia picha chache akaenda zake. Sisi maji makubwa tuliyoyajua ni mto Gucha! Nilidhani bahari ni Gucha iliyonenepa. Baba hakujali hilo. Alisema kila mmoja abuni manowari yake, na itakayokiridhisha kiganja chake, mwenye nayo achukue tezo.

Mokua hakugusa jiwe kwanza. Alikata kipande cha mgomba, akakichonga umbo la meli, akachomeka vijiti mahali pa mizinga, kisha akakiweka kielee kwenye karai la Magokoro, yaani nyanya yetu. Kikiinama upande, alichomoa kijiti akakisogeza katikati. Nilimcheka, nikamwuliza kama anachonga manowari au anafuga bata. Lakini siku aliyokwenda soko la Ogembo nilifunua gunia alilofunikia jiwe lake nikachungulia. Alikuwa na mizinga minane, miwili miwili, ndani ya vibanda vinne vya kuzunguka vilivyopangwa mstari mmoja katikati. Adui atokee kulia au kushoto, yote minane ingegeuka ikampiga pamoja. Ilikuwa nzuri. Iliniuma jinsi ilivyokuwa nzuri.

Nikajiambia, kama yeye ana minane, mimi kumi. Kumi ilipokaa, roho bado haikutulia, nikafika kumi na miwili. Nafasi ya katikati ikaisha, nikavibandika vibanda vingine ubavuni, ambako visingeweza kupiga upande wa pili bila kulipua bomba langu mwenyewe la moshi. Bomba lenyewe lilifanana na la kiwanda cha majani chai, maana ndilo pekee nililolijua. Mtaka yote hukosa yote. Nilipokuwa nachimba kibanda cha mwisho, jiwe likatoa sauti ndogo, tik, na ufa ukatambaa tumboni mwa meli tangu mbele hadi nyuma.

Wahenga husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliuziba, tena kwa unga wa jiwe na gundi ya fundi viatu, nikapaka tumbo lote ile rangi nyeusi ya sahani za kuwauzia wageni. Ikapendeza. Nikajiambia hata meli za kweli hupakwa rangi chini.

Siku ya kupima, baba alipitisha kiganja juu ya meli ya Mokua, polepole. Akaja kwenye yangu, vidole vikahesabu mizinga.

"Hii inatisha," akasema. "Hii ina nguvu."

Akanyoosha mkono kulichukua tezo. Nilimtazama Mokua, nikaona ameinamisha kichwa, na moyo wangu ukacheza. Sikufurahia tezo, mwanangu. Nilifurahia kile kichwa kilichoinama.

Magokoro akasema, "Kazi haijaoshwa, nyinyi mnagawa tezo?" Akaichukua meli yangu akaizamisha ndani ya karai, kama alivyozamisha kila kitu kilichotoka mikononi mwetu. Maji yakawa meusi. Akaipindua, gundi ikatoka kama uji, akaingiza ukucha ndani ya ufa.

"Omwana one," akaniambia, mtoto wangu, "meli yako ina endamwamu."

Wewe umekulia Nairobi, acha nikufafanulie. Kwetu enda ni tumbo, na endamwamu, tumbo jeusi, ndilo jina tunaloita kijicho. Mpaka leo sijui kama alisema rangi au alisema mimi. Baba aliupapasa ufa kwa kidole gumba, kikaenda, kikarudi.

"Nilikutuma uchonge meli," akasema. "Siku zote hizi ulikuwa unamchonga Mokua."

Tezo likaenda kwa Mokua. Mjerumani aliporudi alichukua meli yake, lakini akaiona yangu nyuma ya mlango, akacheka hadi machozi. "Hii ndiyo yetu kabisa! Hata sisi tuliweka kumi na miwili. Minne ilikuwa upande usio na adui, inaangalia tu!" Mokua akamwuliza kwa nini. Mzee akajibu, "Tulikuwa tunamtazama jirani." Alitaka kuichukua na hiyo. Baba akakataa, akasema chenye ufa hakitoki kwake. Ndiyo hiyo unayouzuilia mlango kila asubuhi, ambayo utotoni, ulipokuja likizo, ulidhani ni pasi ya makaa.

Mokua alichongea tezo lile mpaka tulipomzika mwaka huu. Watu wake wakalirudisha kwangu. Nililitamani maisha yangu yote, na lilipokuja nililishika nikaona mpini umelika kwa umbo la kiganja chake. Pale gumba lake lilipokaa pana shimo. Gumba langu halikuingia. Nililia, na sikujua namlilia nani.

Nilitaka nikupe wewe, huo ndio ukweli. Kisha nikamkuta Kemunto amepiga magoti kando ya karai, anakiweka kipande cha mgomba kielee, na hakuna aliyewahi kumfundisha. Nikampa ashike. Gumba lake likazama pale pale. Na mimi, mzee mzima niliyezikwa nusu, nikaisikia ile tik kifuani. Nikampa haraka kabla haijafika mbali.

Kwa hiyo sikuambii usione wivu. Utauona. Ila ukiongeza kitu kwenye kazi yako, jiulize unamwongezea nani. Usihesabu mizinga ya ndugu yako, maana nusu ya uliyoiiga haitakuwa na pa kulenga. Na ukipata ufa, uonyeshe mapema, maana maji yapo na kila kazi itaoshwa. Kwake Kemunto tezo linafaa. Wewe tafuta lako, mpini wake ulike kwa mkono wako.

Sasa inuka ukamchotee Kemunto maji, karai lake limekauka. Mungu akujalie jiwe zima, mwanangu, na mkono usiokopa kwa mtu. Na siku Yeye atakapokuosha, akukute mweupe tumboni.