Jiko Nililolivunja

Mke wangu alikuwa na jiko la kukaushia samaki nyuma ya nyumba yetu hapa Baraka, kando ya ziwa, na nililivunja kwa mikono yangu mwenyewe. Nalitaja hilo kwanza kwa sababu mengine yote yanatoka hapo. Lilikuwa jiko la udongo, kimo cha kifua, na juu yake wavu wa waya ambapo mikebuka, samaki wa ziwa letu, ililazwa safu kwa safu juu ya moshi. Akina mama waliopanda pikipiki kwenda kuuza samaki Fizi, na wale wa Lusenda, walikuja kwake kwa sababu samaki wake hawakuungua wala hawakuharibika njiani. Alijua kuni ipi hutoa moshi mzuri na ipi hutoa moto tu. Kazi hiyo alifundishwa na mama yake tangu utotoni, na mimi niliiua asubuhi moja.

Mimi ni fundi wa mota za mitumbwi. Sigara nilianza kabla sijaota ndevu, kwenye karakana ya mzee aliyenifundisha kazi. Tulipooana nilimwahidi mke wangu mbele ya wazazi wake kwamba nimeacha. Na niliacha kweli. Niliacha wiki tatu.

Baada ya hapo nikawa mwizi nyumbani kwangu. Kuoa mwanamke anayekausha samaki, kumbe, ni bahati kubwa kwa mvutaji mwongo. Nguo zake zilinuka moshi, mapazia yalinuka moshi, hata mto niliolalia ulinuka moshi, na pua yake ilikwisha kuzoea. Asubuhi kabla ya chai nilikwenda jikoni kwake nikajitia kumsaidia kugeuza samaki. Akienda kuchota maji, nilichukua kaa la moto wake nikawashia sigara yangu. Majirani walinisifu: mwoneni huyu, mume anayemsaidia mkewe! Nilizipokea sifa hizo bila haya hata kidogo. Mvua ikinyesha nilivutia ndani ya stoo ninamoweka mota, na kati ya stoo hiyo na chumba cha binti yetu pana ukuta wa mbao tu, usiofika hata kwenye bati.

Binti yetu alianza kukohoa akiwa na miaka mitano. Kilikuwa kikohozi kikavu cha kumfanya ashike mbavu, na akilala pumzi yake ilipiga filimbi. Tulimpeleka kituo cha afya. Muuguzi, mama wa makamo ambaye sisi wote tunamwita munganga, alimsikiliza kifua mbele na nyuma, kisha akasema kifua cha mtoto huyu hakipatani na moshi, tumwondoe penye moshi. Hakutaja moshi gani.

Mke wangu alijishika kichwa. "Ni jiko yangu," alisema. "Kumbe ni mi njo namuua mutoto."

Nilikuwa nimekaa karibu naye kwenye benchi, na pembe ya pakiti ya sigara ilikuwa inanichoma paja mfukoni. Jiko lake lilikuwa mwisho kabisa wa ua, na upepo wa ziwa uliusukuma moshi upande wa pili. Nilijua. Ningeweza kufungua mdomo pale pale. Badala yake nilimpapasa bega kwa huruma, mimi mnafiki, nikamwambia, "Usilie. Tutaivunja."

Kesho yake nilichukua jembe. Udongo ulikuwa umekomaa kwa miaka ya moto, ukanitoa jasho, na nilipopumzika kidogo nilijikuta natamani kuvuta. Mke wangu alisimama amekumbatia ule wavu wa waya kifuani. Hakulia mpaka nilipomwambia auweke chini.

Wateja wakaenda kwa wengine. Siku mojamoja mke wangu aliitwa na mwenzake anayekausha samaki kule ufukweni, akamsaidie, na alirudi na ile harufu kwenye kitenge chake. Siku moja alinyoosha mikono kumbeba binti yetu, mtoto akaziba pua kwa kola ya gauni. "Mama, usinikaribie. We uko na moshi." Kisha akanikimbilia mimi, akapanda mapajani pangu, akaficha uso kwenye shati langu. Tangu jiko livunjwe nilikuwa nanawa mikono kwa petroli ili nisinuke, na mtoto alizoea kwamba baba hunuka mota. Nilimshika pale mapajani huku nikimwangalia mama yake akienda kubadilisha kitenge. Sijawahi kujichukia vile.

Siku hiyo nikaapa kuacha. Lakini nilitaka kuacha kwa siri, ili uongo ufe wenyewe bila mtu kuujua. Niliitupa pakiti ziwani, na kabla jua halijatua nilikuwa nimesimama kwenye meza ya muuza sigara nikinunua moja moja, eti moja haina neno. Nilibadilisha njia ya kwenda karakana nisiione meza hiyo. Nilitafuna tangawizi mpaka ulimi ukawaka, nikatafuna mihogo mibichi, nikatafuna karanga, wenzangu wakaniuliza kama nina mimba. Nilipoteza skrubu za mota ya watu. Nikawa mkali nyumbani. Sahani ikilia tu, nafoka. Mke wangu alidhani nina huzuni ya jiko, akawa ananipikia vizuri zaidi.

Ramadhani ilinifundisha jambo moja la aibu. Mchana kutwa niliweza, kwa sababu wote walijua nimefunga na wote walinitazama. Adhana ya magharibi ikilia, nilikuwa nyuma ya karakana na sigara mdomoni kabla sijaonja hata maji. Penye macho ya watu nilikuwa na nguvu, penye siri sikuwa na hata chembe. Jibu lilikuwa pale mbele yangu, na nililipita mwezi mzima.

Miezi miwili tangu jiko kuvunjwa, filimbi ilikuwa bado kifuani mwa mtoto. Tukarudi kwa munganga. Safari hii aliuliza waziwazi: "Mule nyumbani, iko mutu anavutaka sigara?"

"Hapana, munganga," mke wangu akajibu haraka, na kwa fahari. "Bwana yangu aliachaka tangu tulioana."

Nikauacha uongo upite. Mara ya pili. Binti yetu akainua kidole, akasema kama wanavyojibu shuleni, "Ni moshi ya mama."

Munganga hakumjibu mtoto. Alikuwa anaviangalia vidole vyangu, ambavyo petroli haikuwa imeondoa umanjano wake. Alimtuma mke wangu na mtoto kwenda kuchukua dawa dirishani, akanizuia mlangoni.

"Papa, vidole yako inasema. Mi sitaenda kukusemea. Lakini mutu haachake sigara kwa kujificha. Chagua siku. Ambia batu ba nyumba. Hamu ikikushika, kunywa maji, shika kazi ya mikono, ngojea. Haikawiake, inapita. Itarudi, na itapita tena."

"Nikimuambia bibi yangu, atanitoka."

"Mutoto anasemaka nini juu ya mama yake? Ulisikia vizuri?"

Nilisikia. Mchana huo nilimkuta mke wangu uani anamenya mihogo. Nilitoa pakiti mfukoni nikaiweka juu ya maganda, mbele yake. Aliitazama, akanitazama. Nikamwambia yote: kaa la moto wake, stoo, ukuta wa mbao, benchi la kituo cha afya. Aliendelea kumenya mpaka mhogo ule ukaisha mkononi. Nilingoja anipige, na ingekuwa nafuu.

"Nilikubali uvunje kazi ya mama yangu," alisema mwishowe. "Na we ulikuwa unaniangalia tu."

"Nisamehe."

"Utaijenga tena. Na mutoto, mi sitamuambia. We njo utamuambia."

Nilianza kujenga siku iyo hiyo, maana munganga alisema kazi ya mikono, na mikono yangu ilikuwa inatafuta pa kushika. Nilichota udongo, nikaukanyaga na majani makavu. Binti yetu alikuja kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilimwambia nikiwa nimeinamia udongo, bila kumtazama. Nilimwambia moshi uliomkohoza haukuwa wa mama, ulikuwa wa baba, na baba alisema uongo.

Aliniuliza, "Sasa juu ya nini ulivunja jiko ya mama?"

Nilisema niliogopa. Akauliza niliogopa nini, nikamwambia niliogopa mama ajue. Alishuka kwenye ndoo akaenda ndani.

Huu ni mwezi wa kumi na moja sijavuta, na sijisifu. Kilichonisaidia si tangawizi peke yake, ingawa bado natembea nayo, wala karanga. Ni kwamba jioni mke wangu hunusa vidole vyangu, hadharani, mbele ya wageni hata, na mimi navitoa. Jiko limesimama pale pale mwisho wa ua. Wateja watatu wamerudi, wengine hawakurudi. Adhabu yangu sikuichagua: kwa miaka nilivutia kando ya moto ule, kwa hiyo ukiwashwa tu asubuhi, koo linaniita kana kwamba sikuwahi kuacha. Mke wangu anajua, na bado ananiita kugeuza samaki. Nakwenda na kikombe changu cha maji.

Filimbi imetoka kifuani mwa binti yetu. Anakohoa kama watoto wengine tu, akipata mafua au akicheka na chakula mdomoni. Lakini kila akikohoa, hata leo, humtazama mama yake kwanza. Na mama yake, akiwa na samaki mikononi, hurudi nyuma hatua mbili.