Friza ya Mama na Jua la Ijumaa

Harufu ya barafu ya samaki hainitoki puani. Simaanishi samaki wabichi, hiyo kila mtu wa Kendu Bay anaijua. Nasema ile ya barafu kuukuu iliyoyeyuka ikaganda, ikayeyuka tena, ikaganda tena, yenye kutu kidogo na magamba ya ngege, samaki wa ziwa letu, ndani yake. Masika ya mwaka mmoja, nilipokuwa bado nyumbani, umeme ulikuwa ukikatika kila alasiri, na friza ya Mama, pale kwenye veranda ya nyuma, ilitutesa kwelikweli. Umeme ukienda, maji yanatiririka. Ukirudi, yanashika samaki, kuta na kifuniko, vyote vinakuwa kitu kimoja. Mama aliwauzia samaki wenye hoteli za Homa Bay. Friza hiyo ndiyo iliyomtoa kwenye kazi ya kukausha samaki kwa moshi, kazi iliyomfanya awe na macho mekundu tangu usichana wake. Ikifa, anarudi kwenye moshi.

Sisi ni Wasabato. Ijumaa jua likizama, kazi imekwisha, hata kama mkono bado uko ndani ya karai. Kwa hiyo mchana wa Ijumaa ndio ulikuwa wakati wa kuyeyusha. Mama alichomoa waya ukutani, akaweka sufuria ya maji moto ndani, akafunga kifuniko, tukangoja. Maji yakipoa, sufuria nyingine. Barafu ikilegea tuliing'oa kwa mikono mpaka vidole vikafa ganzi, kisha tukapangusa kila pembe kwa matambara makavu, maana tone linalobaki ndilo linaloganda kwanza. Mwisho alipaka mpira wa kifuniko mafuta ya kupikia ili usinate. Kisu kilikuwa marufuku. "Mishipa yake iko hapa ndani ya ukuta," alikuwa akisema, akipapasa barafu. "Ukiitoboa, umeiua."

Ijumaa moja barafu ilitushinda. Shangazi, dada yake Baba, alikuwa amekuja kututembelea kutoka Kisegi. Yeye ni Mkatoliki, mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa mdomo. Wateja wa Homa Bay walikuwa waje Jumapili asubuhi, na samaki bado walikuwa wamenaswa. Jua likafika ziwani. Mama akaweka sufuria chini, akarudisha waya ukutani, akaanza kunawa mikono.

"Yawa! Unaacha hivyo?" Shangazi akamaka.

"Sabato imeingia, wifi. Nitaendelea kesho jioni."

"Kesho jioni! Na stima ikipotea tena?"

"Basi ipotee."

Tukaingia sebuleni kuimba. Tulikuwa kwenye ubeti wa pili niliposikia ko, ko, ko kutoka veranda, nikajua ni panga. Nilimtazama Mama. Alikuwa ameegemea kiti, miguu ameinyoosha, macho ameyafumba, anaimba. Nikataka kuinuka, akaniwekea mkono gotini. Kisha ikaja pssss, ndefu, na sauti ya Shangazi, "Uwi! Jamani, nimefanya nini?"

Samaki walitoka, hilo lazima niliseme. Lakini friza haikugandisha tena. Fundi alikuja, akaiangalia, akatikisa kichwa, akaondoka. Shangazi alilia mpaka akavimba uso, na Mama ndiye aliyekuwa akimbembeleza. Halafu Mama akarudi kwenye moshi. Nilimkasirikia sana, kuliko nilivyomkasirikia Shangazi. Siku moja tukigeuza samaki juu ya wavu nilimuuliza, "Mama, ulisikia panga. Kwa nini hukumzuia? Neno moja tu lingetosha." Akapangusa macho kwa kiwiko. "Nilikuwa nimeketi, nyathina," akasema. "Mwanangu, wiki nzima sikuwa nimeketi."

Leo naishi nchi ya theluji. Nimeajiriwa kuiondoa mbele ya nyumba za watu, kwa mashine inayoimeza na kuitupa kando. Mashine hiyo nayo huganda. Usipoiacha ingurume kidogo baada ya kazi iteme theluji iliyobaki, usipoikausha na kuipaka mafuta kooni, asubuhi unakuta meno yake yameshikwa, hayageuki hata ufanyeje. Wenzangu hukimbilia nyundo. Mimi huisukuma hadi gerejini penye joto, nikaleta maji moto na matambara, nikangoja. Wananicheka, lakini yangu haijavunjika. Yote aliyonifundisha Mama nayafanya, isipokuwa moja. Theluji haijui Sabato, wala bosi haijui. Vidole vinakufa ganzi vilevile, na nimechoka, jamani, uchovu ambao usingizi hauuondoi.

Jumapili iliyopita Mama alipiga simu.

"Jana ulipumzika?"

"Theluji ilianguka, Mama."

"Na juzi jioni?"

"Ilianguka pia."

Nikasikia kuku wake. "Kwani huko jua halizami?"

"Linazama, Mama," nikasema. "Linazama mapema sana."

Tukaagana, nikavaa glovu, nikaenda kuwasha mashine.