Makopo Kumi na Moja ya Nyama

Mamangu hupika harusi. Ukisikia mtu wa hapa kwetu Kiganjo akisema nyama ililainika mpaka mzee asiye na meno akaomba nyongeza, jua mama ndiye aliyeshika mwiko. Namsifu mamangu, na sioni kosa.

Kwetu mgeni hatoki harusini mikono mitupu. Akina mama huja na makopo mkobani, ya siagi na ya mafuta ya kupikia, na chakula kikibaki mpishi huwapakulia cha kupeleka nyumbani. Jumamosi moja, harusi ilipokwisha, mama alijaza makopo kumi na moja ya mchuzi wa nyama.

Jumapili asubuhi simu zikaanza. Bwana harusi tumbo linamwendesha. Wasimamizi vilevile. Hata mchungaji hakufika kanisani. Mchana afisa wa afya akaja nyumbani kumuuliza mama alivyopika. Hakuficha: nyama iliiva Ijumaa jioni, ikalala ndani ya sufuria kubwa iliyofunikwa, kesho yake ikapashwa moto.

"Hapo ndipo iliharibika, mama," afisa akasema. "Sufuria kubwa haipoi katikati. Vijidudu vinazaana huko ndani, na kupasha moto kidogo hakuviui. Kuna ingine imebaki?"

Nilimkonyeza mama. Nilitaka akatae, au asingizie maji ya tangi. Naona haya kuandika haya, lakini nilihofia jina lake kuliko matumbo ya watu.

"Iko kwa watu," mama akasema. "Makopo kumi na moja."

Orodha ya wageni haikuwepo. Mama akafumba macho, akayataja makopo moja moja: la bluu lenye ufa ni la mke wa mwalimu, lile refu lisilo na kifuniko ni la fundi wa nguo, mpaka akamaliza. Afisa aliandika huku akitikisa kichwa. Tukapiga simu, kumi wakapatikana. Lililobaki lilikuwa jeupe, la mke wa polisi aliyehamia kutoka magharibi, na simu yake ilikuwa imezimwa.

Mama akavaa buti za shamba akatoka mbio, bibi mzima mwenye wajukuu, mimi nyuma nikihema. Tulimkuta mke wa polisi mlangoni akipuliza jiko, kopo liko wazi kando yake, na mtoto wake wa miaka miwili ameshika kijiko.

"Msichana wangu, usimpe! Hiyo chakula yangu imeharibika," mama akasema, majirani wote wakisikia. "Ni mimi nilikosea. Nipe niimwage."

Akaimwaga chooni kwa mkono wake mwenyewe. Nilijivunia mamangu.

Wagonjwa walipona wote, lakini miezi ikapita bila mtu kumwita kupika. Alipalilia viazi vyake, na mwiko haukutajwa nyumbani kwetu. Kisha mke wa polisi akaja. Mtoto wake alikuwa anabatizwa, na alitaka mama apike.

"Kwani umesahau?" mama akamuuliza.

"Sijasahau, mama. Mwingine angenyamaza, mtoto wangu akule."

Mama alipika alfajiri ya siku yenyewe, nyama ikatoka motoni moja kwa moja hadi mezani. Mke wa polisi akamletea sahani ya mtoto wake ipakuliwe kwanza.